Kuandika wasifu wa marehemu mama mkubwa: nilivyopata tarehe, majina na kazi zake

Wasifu unaosomwa kwenye misiba mingi ya mama zetu huku Kagera una mambo manne: alizaliwa, aliolewa, alijaliwa watoto, alianza kusumbuliwa na presha. Ugonjwa wa miezi michache unapewa nusu ukurasa, na maisha mazima ya jembe yanapewa neno moja, "mkulima". Kikao cha ukoo kiliponikabidhi kuandika wasifu wa mama mkubwa, niliamua kazi zake zichukue nafasi kubwa, imani ifuate, na ugonjwa usizidi sentensi mbili. Naeleza hapa nilivyofanya, kwa sababu muda wa msiba ni mfupi, na anayejua pa kuanzia ndiye anayewahi.

Nilianza na sanduku lake. Mama wa umri ule karatasi zake huziweka pamoja kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku la bati au chini ya godoro. Omba ruhusa kwa binti mkubwa wa marehemu, na sanduku lifunguliwe mbele ya watu wawili au watatu, maana baada ya mazishi kuna habari za mirathi na hutaki mtu aseme ulipekua peke yako. Kinachohitajika ni cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto, kitambulisho cha taifa, kadi ya WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) na daftari la kikundi cha kuweka na kukopa. Piga picha kila karatasi palepale, irudishe ilipokuwa. Hati za kibanja (shamba la nyumbani la migomba na kahawa) na mambo ya benki usiyaguse, hayakuhusu.

Kuhusu tarehe ya kuzaliwa, usikiamini kitambulisho moja kwa moja. Kwa wazee, tarehe kama 1 Januari au 1 Julai mara nyingi ni ya kukadiria, iliandikwa kwa sababu fomu haikubali nafasi tupu. Ukweli uko parokiani. Daftari la ubatizo la zamani lina tarehe ya kuzaliwa (au makadirio yake), tarehe ya kubatizwa, jina la baba na mama, msimamizi, kijiji na jina la padre aliyebatiza. La enzi za wamisionari limeandikwa Kilatini, lakini usiogope: tafuta tu "nata", ndipo penye kuzaliwa, na "baptizata", ndipo penye kubatizwa. Watu huzichanganya hizo mbili, na kwa aliyebatizwa akiwa msichana mkubwa tofauti inaweza kuwa miaka kumi na zaidi.

Hazina kubwa ya daftari hilo iko pembeni. Kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki, kipaimara na ndoa huandikwa kwenye ukingo wa mstari wa ubatizo, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Kwa hiyo mstari mmoja unaweza kukupa tarehe ya ndoa na mahali ilipofungwa, wakati cheti chenyewe kililiwa na mchwa zamani. Nenda na jina la ubatizo, jina la baba yake, kijiji, na mwaka wa kukadiria, maana madaftari yamepangwa kwa miaka na namba. Tena uliza kwanza parokia ya leo ilikuwa chini ya parokia gani wakati ule. Parokia nyingi zetu zilikuwa vigango (makanisa madogo chini ya parokia), na daftari la wakati huo limebaki kwenye parokia mama, kama Kashozi, iliyoanza 1892. Ukienda parokia mpya ukaambiwa jina halipo, usikate tamaa, uliza kigango hicho kilitoka wapi.

Karatasi zenyewe zina alama zinazosaidia. Yenye neno Tanganyika bila Tanzania ni ya 1964 au kabla yake. Yenye Mkoa wa Ziwa Magharibi ni ya kabla ya mkoa kuitwa Kagera baada ya vita, 1979. Hata picha isiyo na tarehe inaweza kuwekwa mahali pake kwa kumtambua mtoto aliyebebwa mgongoni.

Pasipo karatasi, tegemea wazee. Hapo swali la "mwaka gani?" halifai kabisa. Mzee atakutajia mwaka wowote ili asikunyime jibu, nawe utauandika kama kweli. Nilimwamkia wifi yake mkubwa, nikakaa, nikauliza hivi: "Mama, Amin alipoingia, marehemu alikuwa ananyonyesha nani?" Akajibu bila kusita, na jibu lile likapanga watoto watatu kwa mkupuo, aliyenyonya, aliyetangulia na aliyefuata. Matukio niliyoyatumia kama vigingi ni Uhuru (1961), Rugambwa kufanywa kardinali (1960, wazee wa Bukoba hawalisahau hilo), Azimio la Arusha (1967), Operesheni Vijiji (kati ya 1973 na 1976), vita vya Kagera (1978 na 1979), kifo cha Sokoine (1984), ujio wa Papa Yohane Paulo wa Pili (Septemba 1990), kuzama kwa MV Bukoba (Mei 1996) na kifo cha Mwalimu (1999). Chora mstari kwenye karatasi, weka matukio juu, weka mimba, ndoa na kuhama chini. Pale wazee wawili wanapopishana, andika "mwanzoni mwa miaka ya 1960" kuliko kubuni tarehe. Hakuna atakayekulaumu kwa kukadiria, ila wengi watakusahihisha kwa sauti ukikosea.

Sasa kazi. Hapa ndipo mama zetu wanapopotea, na sababu yake naijua. Kwenye chama cha msingi cha ushirika mwanachama alikuwa mume. Daftari la mauzo ya kahawa lina jina la mume, malipo yakisainiwa na mume. Ukitafuta kazi ya mwanamke kwenye karatasi utaona hakufanya kitu, wakati kahawa yenyewe ilipita mikononi mwake tangu kuchumwa hadi kuingia guniani. Kibanja nacho ni cha ukoo wa mume. Kwa hiyo kazi yake usiitafute kwenye hati, itafute kwa wanawake aliofanya nao: wifi zake, majirani, mama wa jumuiya. Waulize alikuwa anaamkia wapi mwezi wa tano, wa tisa, wa kumi na mbili. Mwezi ukitajwa, kazi inatajwa yenyewe.

Nilichopata nikakiandika hivi, na ndicho kipande ninachokiamini kuliko vyote katika wasifu ule: "Kila mwaka alilima njugu mawe kwenye rweya (nyika ya nyasi nje ya vibanja), akikusanya nyasi na kuzichoma ili ardhi ile ngumu itoe mazao, na eneo likichoka aliliacha lipumzike akafungua jingine. Nyasi za kutandaza kibanjani alizibeba kichwani kutoka rweya hiyo hiyo. Msimu wa kahawa ulipofika alianika kahawa ya maganda kwenye mikeka kwa wiki mbili hadi tatu, akiigeuza mchana na kuifunika kila wingu lilipotanda. Mnyauko ulipoingia kwenye migomba mwaka 2006, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kijijini kuondoa maua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, na kibanja chake kilisimama." Watu waliitikia pale kwenye kijiti, kwa sababu walimwona nacho. Ua dume likiondolewa kwa kijiti, hakuna panga la kuhamisha ugonjwa kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Yeye aliwaeleza majirani hilo mapema, nalo ni jambo la kuwekwa kwenye wasifu kama cheo kinavyowekwa kwenye wasifu wa mtumishi wa serikali.

Kama mama wako alikuwa mwalimu, muuguzi au mchuuzi, fanya vilevile. Taja shule na madarasa, taja wodi, taja gulio na siku yake. Kama alifundisha kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, tafuta hata mwanafunzi wake mmoja. "Alikuwa mchapakazi" ni sentensi inayomfaa kila mtu, kwa hiyo haimfai yeyote.

Kwenye imani kosa ni lile lile, la kuandika "alikuwa mcha Mungu" na kupita. Andika alichofanya na siku alizokifanya. WAWATA ilianzishwa 1972, kwa hiyo mama wa kizazi kile anaweza kuwa aliingia miaka ya mwanzo kabisa, na kadi yake itaonyesha. Mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ana daftari la mahudhurio na zamu, nalo likanipa mambo mawili ambayo hata wanawe hawakuyajua: zamu zake za kufua vitambaa vya altare, na orodha ya wagonjwa aliokuwa akiwatembelea. Majina ya wagonjwa sikuyaandika, hayo ni ya watu, lakini kazi yenyewe niliiandika. Muulize na katekista wa kigango, maana ndiye anayekumbuka nani alikuwa akiongoza Rozari mwezi Oktoba mvua ikinyesha.

Familia ndipo penye ugomvi, na ugomvi huanza na hesabu. Usimuulize mtu mmoja "wajukuu wangapi?" Chora jedwali: kila mtoto wa marehemu na mstari wake, watoto wake, wajukuu wake, kisha jumlisha mwenyewe. Kila tawi likague mstari wake na kuweka alama. Watoto waliotangulia mbele ya haki watajwe kwa majina, hata aliyefariki mchanga, maana mama alimzaa naye. Watoto aliowalea bila kuwazaa, na watoto wa mume wa nje ya ndoa, ni swali la kikao cha ukoo, si la mwandishi. Peleka swali mapema, upate jibu lililotamkwa mbele ya watu, andika lilivyotamkwa. Sisi tulikubaliana kuandika "aliwalea" na majina yakafuata, bila kutenganisha. Wasifu hauwezi kuamua mirathi, lakini watu huja kuunukuu kwenye vikao vya baadaye, hivyo kila jina liwe limekubaliwa.

Ugonjwa: lini alianza kudhoofu, wapi alitibiwa, siku na saa aliyofariki. Aina ya ugonjwa itajwe tu kama wanawe wameridhia.

Urefu usizidi maneno 600 hadi 700. Kwa kusoma kwa utulivu, pamoja na kutaja majina, ni dakika 6 au 7, na mshereheshaji atakukata ukizidisha. Zungumza na paroko kuhusu mahali pa kusoma. Mwongozo wa Misa ya mazishi hautaki mahubiri yawe sifa za marehemu, kwa hiyo wasifu husomwa nyumbani kabla ya kwenda kanisani, au baada ya Komunyo kabla ya ibada ya kumuaga marehemu. Msomaji asiwe mtoto wa marehemu. Chagua mpwa au mjukuu mtu mzima mwenye sauti, na aupitie kwa sauti mara moja mbele ya mzee anayejua majina ya koo yanavyotamkwa. Chapa kwa herufi kubwa, saizi 16, nafasi pana kati ya mistari, upande mmoja wa karatasi, kila ukurasa na namba yake, nakala mbili kwa watu wawili tofauti.

Kijitabu cha ratiba, kama familia inakimudu, ni A4 iliyokunjwa katikati, kwa hiyo kurasa zake lazima zigawanyike kwa 4. Kurasa 8 ni karatasi mbili, na hapo ratiba, wasifu na nyimbo vinaenea. Picha ya jalada isitumwe WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na kutoka na ukungu. Itume kama faili, au peleka picha yenyewe steshenari waiskani. Fika steshenari asubuhi, umeme ukikatika alasiri hakuna wa kumlaumu.

Na msalaba. Fundi seremala huwa anaanza kupaka rangi jioni ya kwanza, akitumia tarehe aliyoambiwa na yeyote aliyepita. Mpelekee karatasi yenye jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki kwa herufi za kuchapa, na umwombe asiandike mpaka uipeleke. Tarehe hizo hizo ndizo ziende kwenye maombi ya cheti cha kifo. Nakala moja ya wasifu niliipeleka parokiani pamoja na tarehe ya mazishi, iandikwe kwenye daftari la wafu, na nyingine akabaki nayo binti mkubwa, kwenye sanduku lile lile la bati pamoja na jedwali la wajukuu, maana wajukuu bado wanazaliwa na jedwali lina nafasi.