Sefti buti Kanada: tazama pembetatu ya kijani kabla hujatazama bei

Wadau mnaoingia Ontario, wengi mtaanza na kubeba boksi kama tulivyoanza sisi, na ejensi (ofisi inayokutafutia kazi) inakupigia saa moja jioni eti kesho alfajiri uripoti ghalani Brampton na sefti buti (buti za usalama kazini) mguuni, huna buti hupiti getini. Hapo ndo mtu anakimbilia dukani anachukua chochote chenye chuma mbele alimradi bei iko chini. Nawaomba sana msifanye hivyo, huku miguu ndo mtaji, shifti nzima umesimama kwenye zege na foklifti zinapita pembeni yako.

Cha kwanza tafuta alama ya CSA, yaani shirika la viwango la Kanada, mara nyingi imeshonwa nje karibu na kifundo au iko kwenye ulimi wa kiatu. Pembetatu ya kijani ndo unayoitaka, maana yake buti imepimwa kwa kishindo cha jouli 125, yaani kama chuma cha kilo 22 na ushee kikidondoka toka juu kidogo ya nusu mita, na soli ina kinga ya msumari. Ya njano ni jouli 90, ni ya kazi nyepesi, na sheria ya ujenzi Ontario inataka hizo 125, kwahiyo ukinunua njano halafu wiki ijayo ejensi ikakupeleka saiti itabidi ununue tena. Mafundi umeme nyie tafuteni na kile kibandiko cheupe chenye omega (Ω) ya rangi ya chungwa, hiyo ni kinga ya shoti. Na kama kuna ndugu wa Marekani anataka kukutumia jozi, muulize kwanza ina CSA? Nyingi za kule zina ASTM (viwango vya Marekani) peke yake na supavaiza wa huku anaweza kukurudisha nyumbani bila hata kukusikiliza.

Sasa ile kofia ya mbele inayokinga vidole, iwe ya chuma au kompositi (plastiki ngumu yenye nyuzi)? Chuma ni chembamba kwahiyo vidole vinapata nafasi, ila winta kinavuta baridi vibaya mno, ukiwa yadi au kwenye doki ya kupakia mizigo milango inafunguliwa kila lori likirudi nyuma, unaanza kuzisikia ncha za vidole zinachoma halafu baadae husikii kitu kabisa. Kompositi haipitishi baridi kiasi hicho na ni nyepesi, japo kichwa cha buti kinakuwa kinene. Kwa anayefanya kazi nje mimi nasema kompositi, bila ubishi.

Nenda kupima jioni mguu ukiwa umeshavimba, vaa na soksi nene utakazofanyia kazi. Funga kamba mpaka juu, piga ncha ya buti sakafuni, kidole gumba kikigonga mbele iache, ngozi italainika lakini ile kofia ya ndani haitanuki hata uivae mwaka mzima. Sisi tuliokulia kwenye kandambili wengi miguu yetu mipana, omba EE (saizi ya buti pana) usione aibu. Na kina dada msikubali buti za kiume, kuna dada wa Bukavu kazini kwetu alikuwa anavaa za kiume na soksi jozi tatu kwa pamoja, kisigino kinacheza mpaka kikachubuka chote, alipopata za kike zenye pembetatu ileile ya kijani akaanza kumaliza shifti bila kuchechemea.

Za mitumba sizishauri kabisa. Buti ikishaangukiwa na kitu kizito kinga yake imekwisha hata kama nje haionekani, na hujui aliyezivaa kabla yako alipata nini. Kama hela haipo waulize ejensi au ofisi kuhusu posho ya buti, kampuni nyingi wanayo ila hawatangazi, utaambiwa ulete risiti, kwahiyo itunze.