Kutafuta Kazi kwa Ratiba ya Mashine

Mama husafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kila mara hukaa kwenye mashine kwa takribani saa 4. Figo zikishashindwa kufanya kazi, ratiba ya namna hiyo haina likizo. Siku mbili za mwisho wa juma, ambazo kwa wengine ni za kupumzika, kwetu ndizo za kuogopwa zaidi, kwa kuwa maji na madini ya potasiamu huendelea kujikusanya mwilini mpaka Jumatatu ifike. Ninaitaja ratiba hii mwanzoni kwa sababu ndiyo inayoamua ni kazi gani ninaweza kuiomba, hata kabla sijaangalia kama vyeti vyangu vinakidhi sifa zilizotangazwa.

Kazi nyingi wanazopewa watu wasio na uzoefu, kama vile mapokezi, ghala, mauzo ya dukani au kupokea simu za wateja, huendeshwa kwa zamu, na aghalabu mgeni hupangiwa zile zamu ambazo wenyeji wa ofisi wamezikwepa. Mtu aliyekaa kazini miaka mingi anaweza kumwendea mkuu wake akaomba abadilishiwe siku, na akasikilizwa, kwa sababu anajulikana na ana siku za likizo alizojilimbikizia. Anayeanza hana kimoja wala kingine. Ndiyo maana siukubali ule ushauri ninaopewa kila ninapokutana na watu, kwamba nichukue kazi yoyote itakayojitokeza na mengine yatajipanga yenyewe, ingawa najua unatoka kwa wanaonitakia mema. Mfanyakazi aliye katika kipindi cha majaribio ndiye rahisi zaidi kuachishwa, na sioni mwajiri atakayemvumilia mgeni anayekosekana kila Jumatano.

Wapo wanaodhani kwamba kuuguza ni kumfikisha mgonjwa kituoni na kumrudisha nyumbani. Mama hutoka kwenye mashine akiwa hoi. Mara nyingine shinikizo la damu limeshuka kiasi kwamba hawezi kusimama bila kushikwa, na usiku misuli ya miguu humkaza. Kwenye mkono wake wa kushoto, pale daktari wa upasuaji alipounganisha mishipa miwili ya damu, ateri na vena, ili mashine ipate pa kuchukulia damu, hapapimwi presha wala hapachomwi sindano ya kutoa damu ya vipimo, na mkono huo haubebi mzigo. Kila asubuhi huweka kiganja changu juu ya mshipa huo ili nihisi kama bado unatetemeka, kwa maana mtetemo ukipotea huenda damu imeganda ndani, na hapo ni kwenda hospitali mara moja. Nikishauhisi ndipo ninapofungua kompyuta na kuendelea na barua za maombi.

Nyingine huziandika kwenye simu, nikiwa nimeketi kando ya kitanda chake kituoni. Huko ndiko nilikopigiwa simu na afisa ajira mmoja, wakati kengele ya mashine ikilia, akauliza niko wapi. Nilimjibu kwamba niko hospitali na mzazi wangu, nikamwomba tuzungumze baada ya nusu saa, naye akakubali kwa upole. Alipopiga tena, karibu mazungumzo yote yalikuwa juu ya mgonjwa: ameanza lini kuumwa, nani mwingine anamsaidia, na je, hali ikibadilika nitafanyaje. Juu ya kazi yenyewe hakuuliza la maana. Sijutii kumwambia ukweli, lakini tangu siku hiyo huwaeleza waajiri saa ninazoweza kufanya kazi, wala siwafungulii faili la mama. Jumanne, Alhamisi na mwisho wa juma ninapatikana kutwa. Siku nyingine ni kuanzia saa tisa alasiri. Anayetaka kujua sababu humwambia kwamba nina jukumu la kifamilia lenye ratiba maalumu, na nikiona amesharidhika na uwezo wangu, humweleza zaidi.

Kwenye wasifu, kipindi ambacho sikuwa na ajira nimekijaza kwa mstari mmoja unaosema kwamba nilikuwa nikimuuguza mzazi. Nimesoma ushauri wa kupamba mstari huo, eti niandike kwamba nilipata ujuzi wa uongozi na usimamizi wa miradi. Ni kweli nimejifunza kutunza daftari la dawa na la uzito wake kabla na baada ya mashine, lakini kumgeuza mama kuwa mradi ili nipate usaili ni jambo ambalo moyo wangu umelikataa.

Yeye mwenyewe ana msimamo wake. “Mwanangu, usije ukakosa kazi kwa ajili yangu,” huniambia, nami humjibu, “Hapana, Mama, kazi itapatikana.” Akijua kwamba asubuhi nina usaili, huficha maumivu ili nisiahirishe, kwa hiyo nikaanza kumficha tarehe. Haikusaidia, kwa kuwa akiona tu shati limepigwa pasi usiku hujua.

Nimemwomba muuguzi mkuu wa kituo amhamishie mama kwenye zamu ya jioni nafasi ikipatikana, jambo ambalo lingenifungulia kazi za ofisini za asubuhi, na jina lake limeshaandikwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Wakati huohuo, mwajiri mmoja anayehitaji mtu wa kuingiza kumbukumbu za stoo kwenye kompyuta ameniuliza kama ninaweza kuanza kwa siku za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Nimemjibu kwamba ninaweza, nikamwomba anitumie rasimu ya mkataba kwanza, ili nione kifungu cha zamu kinasemaje kabla sijatia saini.