Sikio langu, mawese na bingwa wa figo

Sikio la kulia liliziba ghafla tu, nimetoka kuoga ziwani Kibirizi nikawa nasikia kama kichwa bado kiko majini, na kwa mbali kengele inalia nziiii. Nikachukua stiki za pamba nikachokonoa wee, ndo likaziba mazima.

Sasa ukiugua mtaani kila mtu daktari. Kuna jamaa wa dawa za asili pale Mwanga, kanivuta sikio, kalikunja, kaligeuza, kaniambia rangi hii ni figo zimechoka, halafu kaona mkunjo kwenye ndewe akatikisa kichwa, eti na moyo nao hauna muda. Chupa mbili, elfu thelathini na ushee. Nililipa jamani, msinicheke.

Shangazi yeye akasema tia mafuta ya uvuguvugu. Wazo lenyewe si baya, shida nyumbani yalikuwepo mawese tu. Nikapasha kijiko kimoja, nikalala ubavu na kanzu yangu nyeupe ya Ijumaa, nikamimina, usingizi ukanipitia nikajigeuza. Mama watoto anaingia ananikuta mdomo wazi, kitu chekundu kimetoka sikioni kimeteremka shingoni mpaka kifuani. Ule ukelele hata lile sikio bovu liliusikia! Naamka nakuta majirani wamejaa chumbani na bajaji inanisubiri mlangoni, basi nikaona isiwe tabu, twende hospitali hivyohivyo.

Daktari, kijana tu, kaniuliza kama nimetumia kwinini karibuni maana nayo hupigisha masikio kelele, kama kuna usaha, kisha akamulika ndani. "Mzee, huku naona nta. Na mawese." Akanigombeza kidogo, kwamba ngoma ya sikio ingekuwa imetoboka ningejitafutia makubwa. Nikamuuliza na figo je? Akacheka, figo tunapima mkojo na damu mzee, sio sikio. Ule mkunjo wa ndewe ndo hakuucheka, alisema kuna daktari wa Marekani anaitwa Frank aliuandika mwaka 1973, kwamba wenye mishipa ya moyo iliyoziba wengi wanao, ila umri ukienda hata wazima wanaupata, kwa hiyo peke yake hausemi kitu. Akanifunga kile kitambaa cha presha palepale, 126 kwa 80. Bingwa wa Mwanga kwisha habari yake.

Nikapewa matone ya kulainisha, nikarudi baada ya siku nne, wakanipiga maji ya uvuguvugu kwa bomba kubwa lisilo na sindano (yakiwa baridi unapata kizunguzungu, unaweza ukaanguka). Kikatoka kitu cheusi kama kokwa ya tende, kina nyuzi za pamba zangu mwenyewe. Nauli, matone na kila kitu haikufika hata bei ya zile chupa mbili.

Jioni nimekaa uani nasikia mpaka sufuria ya jirani inavyochemka, na mama watoto upande wa pili wa ukuta ananong'ona, "Shoga, mi nikajua keshakufa, kumbe mawese!"