Polisi wa muvi za TV wananimaliza nguvu

Zile muvi za mauaji zinazotengenezwa moja kwa moja kwa ajili ya TV, za mume mtanashati kumbe muuaji, au jirani mpya anachekacheka kila saa kumbe keshazika wake wawili kule alikotoka, mi nazipenda na nitaendelea kuziangalia, ila polisi wake jamani. Na siku hizi naamini kabisa shida sio kwamba waandishi hawajui kazi ya polisi, maana wangegugo tu wangejua. Shida ni kwamba hawawajui watu wao wenyewe waliowaumba, basi askari anafanywa zuzu ili stelingi aonekane ana akili.

Mnazijua hizi. Tunaambiwa tupo Seattle au mji mwingine wa Marekani, ila ile mvua na ile misitu mara nyingi ni ya Vancouver huko Canada, kwa sababu kule serikali inawapunguzia kodi watengenezaji, na wiki mbili tatu tu wameshamaliza kurekodi. Polisi wanakuja wawili, mzee aliyechoka na kijana ambaye jina lake hulikumbuki hata muvi ikiwa bado inaendelea. Wanakaa kwenye kochi, maswali mawili, hamna anayeandika kitu, alafu inatolewa kadi, "ukikumbuka chochote nipigie". Basi kazi imeisha! Mtu yeyote aliyewahi kwenda kituoni kuandika maelezo hata ya simu iliyoibiwa anajua nusu ya kazi ya polisi ni karatasi, unaulizwa jina la baba, kabila, dini, kazi, unarudia stori yako mpaka mwenyewe unaichoka ndo upewe RB, ile namba ya ripoti yako. Marekani nako ni ripoti juu ya ripoti. Kwenye muvi hata kalamu hawana.

Alafu kuna ile ya mama kakimbilia kituoni binti yake hajaonekana tangu jana jioni, anajibiwa asubiri masaa 24. Hamna sheria ya hivo. Tena kwa watoto Marekani ilipitishwa sheria mwaka 1990 inayokataza polisi kuweka muda wa kusubiri, na 2003 wakaiongeza ifike mpaka walio chini ya miaka 21. Kwa hiyo kama binti hajafika miaka 21, yule askari anayemrudisha mama nyumbani anavunja sheria ya nchi yake mbele ya kamera na hamna mtu anashtuka. Kwanini yupo pale? Ili mama aingie msituni peke yake usiku na tochi. Daktari nae anainama juu ya maiti sekunde tatu anakwambia kafa kati ya saa tatu na saa tatu na robo, wakati mwili unapoa kutegemea baridi ya mahali, nguo, unene wa mtu, na daktari wa ukweli anakupa masaa kadhaa huku anajikuna kichwa. Majibu ya DNA yanatoka kabla kahawa haijapoa, na maabara za huko zina milundo ya sampuli zinazosubiri wiki na miezi. Tangu zile tamthilia za CSI, za wataalamu wa maabara ya polisi wa Las Vegas, zianze mwaka 2000, waendesha mashtaka Marekani wamekuwa wakilalamika kwamba wazee wa baraza (wananchi wa kawaida wanaoamua kesi) wanadai DNA hata kwenye kesi ambayo haihitaji DNA yoyote.

Lakini kinachoniuma zaidi ni alama za vidole. Kwenye muvi kompyuta inapitisha picha za watu haraka haraka alafu tiii, sura ya muuaji na anwani yake, twende. Kompyuta haifanyi hivo. Inatoa orodha ya watu ambao alama zao zinakaribiana, alafu binadamu anakaa na lensi analinganisha mstari kwa mstari, na hapo kwa binadamu ndo utamu wenyewe ulipo ambao hawa waandishi wanauruka. Machi 2004 treni za Madrid zililipuliwa wakafa watu zaidi ya 190, Wahispania wakapata alama ya kidole kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na vilipuzi, wakaituma kwa wenzao wa nchi nyingine. Kompyuta ya FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, ikatoa orodha, mtaalamu mmoja akasema ni huyu, mwanasheria wa Oregon, wa pili akakubali, wa tatu akakubali. Wahispania wakasema mbona sisi tunaona haifanani. FBI wakagoma, wakamkamata jamaa wakamweka ndani wiki mbili, mpaka Madrid walipotangaza kwamba wamempata mwenye alama, ni mtu wa Algeria. FBI wakaomba radhi na 2006 serikali ikamlipa jamaa dola milioni 2. Uchunguzi wa wizara yao ya sheria uliofuata ulisema wale wataalamu walijiamini kupita kiasi, na kwamba yule mwanasheria kuwa Muislamu huenda kulichangia wasirudi kuangalia upya vizuri hata baada ya Madrid kutilia shaka.

Sasa ona hiyo stori. Hao sio wajinga, ni watu wenye uzoefu mkubwa tu, na ndo maana wakakosea, maana nani atambishia bosi mwenye miaka mingi kazini? Kila kosa lina mwenyewe, lina kiburi, lina woga, lina mtu anayeheshimiwa mno. Polisi wa ukweli anakosea kwa sababu ya alivyo. Polisi wa muvi ya TV anakosea kwa sababu ni dakika ya 40 na bado kuna matangazo manne ya biashara mbele. Stelingi anapiga simu, yule mpelelezi anaiona inaita, anaizima. Ana nini? Kagombana na mkewe? Anamdharau huyu mwanamke? Hamna, hatuambiwi, anazima tu kwa sababu akipokea muvi imeisha. Yupo pale kama daladala kituoni, haondoki mpaka dakika zijae.

Na msinijie na habari kwamba nataka kila kitu kiwe cha kweli, maana Columbo, yule mpelelezi wa tamthilia ya zamani ya Marekani, nampenda na kwa upelelezi ni kichekesho. Ushahidi wake mwingi wakili wa kawaida tu angeupasua asubuhi moja. Muuaji unamjua tangu mwanzo, hamna hata cha kubahatisha. Ila yule mzee Peter Falk aliyemuigiza na lile koti lake la mvua (koti lilikuwa lake kweli, alilitoa kabatini kwake), na gari lake bovu la Peugeot, na mke anayemtaja kila siku hatumuoni, unajua huyu mtu akiingia chumbani atafanya nini. Anarudi mlangoni kuuliza swali moja la mwisho kwa sababu yeye ndo alivyo, anapenda matajiri wamuone mshamba. Ukimwambia Columbo asubiri masaa 24 utamuona anavyokuna paji la uso. Hapo mi nasamehe sheria zote.

Wauaji nao wamesahaulika. Mtu kaishi na mkewe miaka kumi, anapika, anapeleka watoto shule, alafu dakika ya 75 unafunguliwa mlango wa stoo, ukutani picha zimebandikwa na uzi mwekundu, chupa ya dawa sinki la bafuni, basi, chizi. Hayo ndo maelezo yote. Na mwenyewe anakiri kila kitu kisu kikiwa mkononi, tarehe, sababu, na majina ya wale wengine, utadhani kuna mtu anamrekodi. Kumbe kweli, mara nyingi stelingi kaiwasha simu.

Ile "miezi sita baadaye" ndo huwa inanikera kabisa. Mama kafungua duka la keki, yule mpelelezi anapita kununua kahawa wanatabasamu. Wakati Marekani asilimia zaidi ya 90 ya wanaotiwa hatiani hata kesi yao haisikilizwi, mshtakiwa anakubali kosa kwa makubaliano. Maana yake kuna siku huyu mama aliitwa ofisini kwa mwendesha mashtaka akaambiwa mumeo atakubali kosa dogo zaidi apate miaka kadhaa, unasemaje, na yule mpelelezi aliyezima simu amekaa pembeni yake anaangalia meza. Meza moja, viti vitatu, hata bajeti ya Vancouver ingetosha. Sisi tunaoneshwa keki.