Kioo Hudanganya Mlimani

Jumamosi nilimpeleka mjukuu wangu Pugu kwa treni. Hatukuwa na shughuli yoyote huko. Yeye alitaka kupanda treni, mimi nilitaka kuisikia reli ya zamani ikilia chini ya miguu. Tulipoanza kuupanda mlima, injini ya dizeli ikabadili sauti, ikawa nzito, nami nikajikuta nimekaza mkono kwenye ukingo wa dirisha. Usiku usingizi ukachelewa kuja. Naandika haya kabla hayajanitoka.

Nimekulia kota za reli, Gerezani. Baba alikuwa karani wa mizigo, lakini kaka yake, Baba Mkubwa, alikuwa dereva wa garimoshi, na kwetu watoto hakukuwa na cheo kilichozidi hicho. Zilikuwa siku za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977 na kila nchi kubaki na reli yake. Injini zilipakwa rangi ya damu ya mzee, na nyingi zilibeba vibao vyenye majina ya makabila yetu ya Afrika Mashariki. Tulibishana kuhusu injini kama watoto wa leo wanavyobishana kuhusu Simba na Yanga.

Baba Mkubwa hakuwa mtu wa maneno. Akirudi safari anaoga, anakaa barazani na chai ya rangi, nasi tunamzunguka tukinusa yale mafuta yasiyotoka nguoni hata Mama Mkubwa afue vipi. Nilikuwa na miaka tisa, shule imefungwa, aliponiambia kesho yake nivae viatu vya kufunga. Kanuni hazikuruhusu mtoto kupanda kwenye injini. Alinipandisha upande wa pili wa yadi, akanikalisha kwenye sanduku nyuma ya kiti chake. "Usiguse kitu. Ukiungua, mama yako nitamwambia nini?"

Tulikuwa tunakwenda Ruvu. Mimi ningeshukia hapo na kurudi na gadi wa treni nyingine, jirani yetu wa kota.

Nilikuwa nimekwenda kumtazama Baba Mkubwa, lakini macho yangu yakaishia kwa fayamani, mtunza moto wa injini. Tulimwita Mjomba. Alikuwa mwembamba, kitambaa shingoni, mkono mmoja hautoki kwenye kifungulio cha mafuta. Wengi wakisikia garimoshi hufikiria mtu anayechota makaa ya mawe kwa koleo. Injini zetu wakati huo zilichoma mafuta mazito, meusi, yanayopashwa moto kwanza ndipo yatiririke. Kwa hiyo kazi ya Mjomba haikuwa ya kifua. Alifungua kidogo, akachungulia moshi, akafunga nusu ya hapo. Moshi ukiwa mweusi, mafuta yanapotea bure. Ukikosekana kabisa, hewa imezidi na moto unapoa. Alitaka ule wa kijivu hafifu, unaoonekana kwa shida. Baba Mkubwa akiongeza mvuke bila kusema neno, mkono wa Mjomba ulikuwa umeshasogea. Saa nzima sikuwasikia wakiambiana zaidi ya maneno kumi.

Wajerumani walianza kuitandaza reli hii hapa Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Tangu wakati huo, kila dereva anayetoka pwani mtihani wake wa kwanza ni vilima vya Pugu. Pale injini ilianza kupumua kwa vishindo, kimoja kimoja, hata sakafu ikawa inanipiga nyayo. Mjomba akachota mchanga kwa kikopo kirefu, akaumimina kwenye tundu la mlango wa tanuru. Mchanga ukavutwa kwa nguvu kupitia mabomba ya boila, lile tangi linalochemsha maji yawe mvuke, ukakwangua masizi, na bombani ukatoka moshi mzito kama usiku. Nilipiga kelele. Mjomba akacheka, mara ya kwanza na ya mwisho siku ile.

Kisha nikaona jambo ambalo sikulielewa. Kuna kioo chembamba, kimesimama wima mbele ya fayamani, kinachoonyesha maji ya boila. Maji yalikuwa yamejaa karibu juu. Hata hivyo Mjomba akafungua injekta, ile inayosukuma maji mapya ndani, na sauti yake ya mluzi ikajaa chumba. Maji baridi hushusha nguvu ya mvuke, na huku mlima ulikuwa haujaisha. Baba Mkubwa aligeuka akamtazama, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na njia yake.

Kesho yake jioni nilimwuliza. Akaagiza sinia, akalitia maji vidole viwili, akaliweka chini barazani, kisha akainua upande mmoja kwa kiberiti. Maji yote yakakimbilia upande wa pili. "Mlimani injini inatazama juu, maji yanakuja nyuma, kwetu, kwenye kioo. Unaona mengi kumbe si mengi. Kioo hudanganya mlimani." Akakichomoa kiberiti, akakiweka upande wa pili. Maji yakarudi mbele, na pale nyuma sinia likabaki kavu, linang'aa. Akaligusa kwa kidole. "Tukishavuka kilele, hapa ndipo panapokauka. Na hapa chini yake ndipo ulipo moto." Bati la juu ya tanuru likikosa maji huiva, hulegea, na boila lenye mvuke wote ule hupasuka. Mjomba alikuwa akitia maji ya mteremko ambao hatujaufikia.

Nimewahi kufika makumbusho ya reli Nairobi. Ipo injini iitwayo Nyaturu, na lipo Mount Gelai, jitu la tani 250 na ushee lililoundwa Manchester. Nilipanda kote kuwili. Watu walipiga picha upande wa dereva. Mimi nilisimama upande wa fayamani, nikaweka kiganja kwenye mlango wa tanuru. Ulikuwa baridi. Sikutarajia kwamba ubaridi ule ungeniuma kiasi kile.

Baba Mkubwa alizikwa na umati wa watu wa reli, na hotuba zilikuwa nyingi, za haki. Mjomba alihamishiwa Tabora nikiwa darasa la tano, sikumwona tena.

Jana Jumapili nimeweka sinia barazani, nimetia maji vidole viwili, nimeomba kiberiti jikoni. Mjukuu wangu alichuchumaa akatazama maji yakienda na kurudi, mara nne, mara tano, hakuchoka. Kisha akauliza, "Babu, huyo fayamani aliitwa nani?"

"Mjomba," nikamwambia.

"Jina lake hasa?"

Sikuwahi kuuliza.