Siku moja mezani kwa fundi wa inverta, Kariakoo

Saa 2 asubuhi shata juu, feni inazunguka, chai na chapati. Mpaka saa 4 ni fyuzi, relei zilizogandana, kapasita zilizovimba na chaja za bajaji za umeme. Kila bodi, kabla haijaguswa, kapasita kubwa hutolewa chaji kwa rezista, kisha mita ihakikishe. Volti 400 haziulizi umesomea wapi.

Saa 4 na robo inaingia inverta ya sola ya kilowati 5. Mosifeti (swichi za umeme) nne za silikoni kabaidi, yaani silikoni iliyoungana na kaboni; mbili zimeshoti. Mwenye mali ameshika simu mkononi.

"Fundi, usiniambie imeungua. Hii ni silikoni kabaidi, haifi kwa joto. Nimeona mtandaoni."

Asubuhi imeishia hapo.

Joto kweli inalimudu kuliko silikoni. Shida ni namna inavyozaliwa. Silikoni huyeyushwa kwa nyuzi joto 1,414 za Selsiasi, ikavutwa taratibu kutoka kwenye uji wake. Silikoni kabaidi haiyeyuki katika kanieneo la kawaida. Unga wake hupashwa ndani ya chungu cha grafaiti kupita nyuzi 2,000, unageuka mvuke, unapanda na kugandia mbegu ya fuwele iliyo juu penye joto pungufu, kama mvuke unavyogandia mfuniko wa sufuria. Inakua sehemu tu ya milimita kwa saa, na chungu kimefungwa.

Humo kasoro hazikosekani. Silikoni hutoka kwenye unga haraka kuliko kaboni, kwa hiyo unga unaobaki huzidi kuwa kaboni kadiri saa zinavyokwenda, na chembe zake zikipeperuka hunaswa ndani ya fuwele. Tabaka zinazofuata zinapanda kombo, zikijisokota kuzunguka mhimili mmoja. Msokoto ukiwa mkubwa, katikati hubaki kitundu chembamba kinachotoboa fuwele nzima, na chipu iliyoangukia hapo haifai. Vitundu hivyo viwanda vimevipunguza sana. Joto likiyumba, mpangilio wenyewe wa tabaka hubadilika: unatakiwa ule uitwao 4H, unachomoza 6H, na mipangilio inayojulikana inapita 200.

Kasoro inayomhusu fundi hasa ni nyingine. Kati na ukingo wa fuwele vikipishana joto, mkazo unatokea na safu za atomi zinateleza kwenye bapa la msingi, yaani sambamba na tabaka za fuwele. Mteleko huo ukiachwa ndani ya chipu, mkondo wa diode ya ndani (njia ya mkondo ya upande mmoja iliyomo ndani ya mosifeti) unaupa nguvu ya kusogea, maana elektroni na matundu (nafasi zilizokosa elektroni) yakikutana hutoa nishati. Unatanda, ukinzani unapanda, joto nalo. Kiwanda hukata bamba la fuwele kwa mwinamo wa digrii 4 ili tabaka jipya likue juu yake kwa ngazi na kubaki 4H; katika kukua huko miteleko mingi hugeuka kuwa ya wima, isiyotanda.

"Kumbe kosa la kiwanda!"

Hapana, bosi. Mteleko unachosha chipu polepole. Hapa mbili za mkono mmoja, ya juu na ya chini, zimekufa papo hapo, geti (mguu unaoiwasha na kuizima) na sosi (mguu wa mkondo) zimeshikana. Anabisha. Anapiga simu kwa shemeji yake, anaweka spika. Umeme nao unakatika, feni inasimama, shemeji anaendelea kueleza.

Ukirudi, mita inasema kweli: geti linatakiwa lizimwe kwa volti hasi 4, linapata sifuri. Kapasita ndogo ya saketi ya geti imekauka. Mosifeti ya juu ikiwaka, ya chini inajifungua nayo, na chipu hizi huvumilia shoti kwa sehemu chache tu za milioni ya sekunde.

Mchana uliobaki ni kubadilisha: mosifeti zote nne, rezista za geti, chipu ya kuendesha geti, kapasita. Mosifeti za madukani hupimwa kwanza. Geti volti hasi 4, amperi 1 kupitia diode ya ndani. Ikifunguka chini ya volti 1 ni silikoni iliyoandikwa jina jipya. Halisi inataka zaidi ya 2. Leo moja imerudishwa dukani, na muuzaji hakushtuka hata kidogo.

Giza linaingia. Inverta inawashwa kupitia taa ya wati 100 iliyofungwa mfululizo: inamulika kidogo, inazima, hakuna shoti. Geti linasoma hasi 4.1.

Mteja anauliza kwa nini kapasita ya bei ya soda imemgharimu mosifeti nne, na kama punguzo lipo.