Usiku wa Karabai

Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, kwa hitilafu ya njia inayouleta kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na haukurudi hadi Machi 2010. Hafla yetu ilikuwa Januari, baada ya sala ya Isha, ndani ya ua wa nyumba ya zamani Mji Mkongwe. Nilikuwa nimerudi nyumbani na mafunzo ya soprano wa opera, yaani mwimbaji wa sauti ya juu kabisa ya kike. Niliwekewa wimbo mmoja wa Puccini, mtunzi wa opera wa Kitaliano, na nyimbo nne za taarabu, pamoja na ala za nyuzi, udi, kanuni na fidla mbili, kisha akodioni, ngoma ya dumbak na tari la riki. Mwimbaji wa opera hufunzwa kuimba bila ya kipaza sauti, kwa hiyo nilijiona salama kuliko wenzangu wote.

Jenereta tuliikodi, tukaizima siku ileile ya mazoezi. Hata tulipoiweka mwisho wa kichochoro, mngurumo wake uliingia uani na kumeza dumbak na nyuzi nene za udi. Tukawasha karabai mbili, taa za mafuta ya taa za kupigwa pampu. Hizo nazo zina mvumo wake, ule mlio wa "shhh" usiokatika, na mlio huo huziba herufi s, sh na f za mwimbaji. Karabai zikapelekwa nyuma ya wasikilizaji, mbele yetu yakabaki makandili, ambayo hayana sauti. Utambi tuliupunguza mpaka moshi ukakoma, maana moshi wa mafuta ya taa hukausha koo kabla wimbo wa pili haujaisha.

Kanuni ndiyo iliyokula muda. Ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila noti, na daraja lake limekalia vipande vya ngozi. Unyevu wa bahari ukiingia jioni ngozi hulegea, daraja huzama kidogo, na noti zote hushuka, wala hazishuki kwa kiasi kimoja. Akodioni haiwezi kurekebishwa papo kwa papo, na yetu ilikuwa juu kidogo ya noti La ya kawaida, ya mitetemo 440 kwa sekunde, basi hiyo ndiyo tuliyoifuata. Maalim wa kanuni alianza kukaza saa nzima kabla, akarudia tena watu walipokwisha kukaa, kwa sababu joto na pumzi za watu hubadilisha hewa ya ua.

Wimbo wa Puccini, "O mio babbino caro", haukunitia wasiwasi. Unatoka katika opera ya Gianni Schicchi, iliyoonyeshwa mara ya kwanza New York mwaka 1918, nao ni mfupi. Noti yake ya juu kabisa ni La bemoli, yaani La iliyoshushwa nusu, mitetemo kama 830 kwa sekunde. Huko juu sauti ya soprano hujibeba yenyewe: sikio la mtu lina ukali zaidi karibu na mitetemo 3000, na nguvu kubwa ya ala za kundi iko chini sana ya hapo. Kazi iliyobaki ni pumzi. Unavuta kimya kimya, mbavu zinafunguka ubavuni, kisha unazizuia zisianguke huku tumbo likirudi ndani polepole. Mbavu zikianguka mapema, noti ndefu hushuka mwishoni.

Taarabu ndiyo iliyonishika. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Bayati, mojawapo ya ngazi za noti za Kiarabu, ukianzia noti ya Re, na kimo hicho kwangu ni cha chini, sauti haina mng'ao. Nikaomba tuupandishe mpaka La. Kilele kikafika Mi ya mitetemo 660, nikaimba kama nilivyofunzwa, taya limeachiwa. Bibi mmoja, mwimbaji wa siku nyingi aliyekuja kutusikiliza kwenye mazoezi, akaninyooshea kidole.

"Mwanangu, umesema nimekupata. Shairi linasema nimekupita."

Alikuwa na haki. Irabu "i" inategemea mwangwi wa mdomoni ulio karibu na mitetemo 300. Noti ikishapanda mbali juu ya hapo na mdomo ukafunguliwa ili sauti isibane, "i" huteleza kuelekea "a". Kwa Kitaliano msikilizaji wa opera husamehe. Katika taarabu fumbo zima linakaa kwenye irabu moja, na aliyefumbiwa yumo ukumbini.

Tukarudi Re. Noti ya pili ya Bayati iko kati ya Mi bemoli na Mi, na akodioni haina noti hiyo. Mpigaji akairuka, akaziachia fidla na kanuni. Mimi nami mtetemo wangu wa opera, unaopanda na kushuka mara tano sita kwa sekunde, ulikuwa mpana kiasi cha kuifunika noti ile ya katikati. Ikabidi niinyooshe sauti, niuruhusu mtetemo mwisho wa mstari tu. Maneno sasa yakasikika, lakini kwa walio mstari wa mbele pekee.

"Bibi, nisukume zaidi?"

"Ukisukuma utapasuka. Mwite muuza madafu aliyekwisha kupita kona."

Nikaita. Sauti ikatoka nyembamba, kali, mbele ya uso karibu na pua, na ukuta wa chokaa ukairudisha. Nilikuwa nikiijua. Mwalimu wangu wa opera alinifanyisha "nye-nye-nye" miaka mizima kutafuta mng'ao uleule, na mimi nikauweka kwa ajili ya noti za juu peke yake. Siti binti Saad, mwimbaji maarufu wa taarabu wa Unguja, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, alikuwa ameshaimba miaka kadhaa kwenye nyumba kama hizi, bila ya waya wowote. Ukali ambao wengine huuita sauti ya kienyeji ni ufundi kamili, na ulikuwa ukinisubiri nyumbani.

Usiku wa hafla, ubeti wa tatu, "nimekupita" ilipotoka, mama mmoja aliyekaa karibu kabisa na karabai alisimama, akaja taratibu mpaka mbele na noti ya pesa mkononi kunitunza.

Umeme uliporudi, fundi mitambo aliniwekea kipaza sauti shubiri moja kutoka mdomoni. Nikakisogeza mpaka dhiraa moja.